Tarehe 5 Haijui Mbalamwezi
Hotuba kwa vikundi vya wachuuzi wa dagaa, Kirumba, Mwanza, kama ilivyoandikwa baadaye na msemaji mwenyewe

Mheshimiwa diwani, ndugu mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, kaka zangu wa mikokoteni pale soko la Mwaloni, na nyinyi wadogo zangu wa bodaboda mliojibanza mlangoni sikio moja ndani, jingine kwa abiria: mwadila!

(Mwadila!)

Wabeja. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na saa yake ameiweka mezani mbele yangu, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Nimekuja na karatasi. Hizi mnazoziona ni stetimenti ya akaunti ya kikundi chetu, kurasa kumi na tisa. Tuliilipia, maana hata kuuliza umekatwa nini kuna makato yake. (Kicheko.) Ukiinusa itakuambia yenyewe ilisomewa wapi. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi imelala, Mwaloni kumepoa, wanawake sita hatuna hata ndoo moja ya kuchambua. Tukaitandaza juu ya meza ya dagaa, tukaikandamiza kwa makopo ya sado, upepo wa ziwa usije ukachukua na hicho kilichobaki. Mmoja anasoma kwa sauti, mmoja ameshika kalamu nyekundu, mimi na daftari la risiti za wakala. Tulianza saa nne asubuhi. Hadi adhana ya adhuhuri kalamu ilikuwa imeweka alama kumi na moja.

Benki sitaitaja. Siyo woga, tulishamalizana nao. Nikiitaja hapa mtatoka mkisema "aa, kumbe ni ile," halafu mtaacha kuangalia ya kwenu.

Alama kumi na moja zilikuwa za kitu kimoja. Kwenye stetimenti kimeandikwa kwa Kiingereza kilichofupishwa hadi Mwingereza mwenyewe angekuna kichwa, lakini maana yake ni adhabu ya kuchelewesha rejesho, shilingi 15,000 kila moja. Tulikuwa na mkopo wa miezi 24, rejesho tarehe 5 ya kila mwezi. Miezi 24, adhabu 11. Mtu akisikia hivyo atasema hawa akina mama ni wadaiwa sugu. Hata sisi tulianza kuangaliana. Mimi ndiye mwekahazina. Macho yote yakahamia kwangu, na nikaona aibu inapanda kama homa.

Ndipo mwenzetu mmoja, wala hakumaliza hata darasa la saba, akasema: "Hebu leteni kalenda." Kalenda iliyokuwa karibu ilikuwa imetundikwa kwenye kibanda cha chai, na kalenda yenyewe ni ya benki hiyohiyo, waliyotugawia mwezi wa kumi na mbili. Tukaanza kulinganisha, na ya mwaka uliotangulia tukaifungua kwenye simu. Adhabu ya kwanza: tarehe 5 ilikuwa Jumapili. Ya pili: Jumamosi. Ya tatu: siku ya kazi, tukairuka. Mwisho wa hesabu, saba kati ya kumi na moja ziliangukia Jumamosi au Jumapili. Nikafungua daftari la risiti. Katika zote saba hela ilikuwa imeshaingia kwa wakala Alhamisi au Ijumaa. Ilikaa pale kwenye akaunti inatazamana na deni lake siku mbili tatu, mfumo wao ukaja kuiona Jumatatu, ukaichukua, na juu yake ukachukua adhabu.

Na zile nne? Zile nne zilikuwa za kwetu. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu nilipolisema mbele ya meneja ndipo alipoanza kunisikiliza. Miezi ile minne tulichelewa kweli. Nyinyi mnajua kwa nini, sihitaji kumweleza mtu wa Kirumba. Dagaa anavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hana haja ya taa yako. Sasa mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa benki una 30 au 31. Kwa hiyo mbalamwezi inarudi nyuma kwenye kalenda kila mwezi kidogo kidogo, karibu siku 11 kwa mwaka, na lazima itafika siku itakalia tarehe za mwanzo. Tarehe 5 ya benki haijui mbalamwezi. Hilo si kosa la benki, ni letu, tulisaini bila kuhesabu. Siku hizi tunaweka rejesho la mwezi mmoja mbele kabla hatujagusa faida, na tangu hapo mwezi uwake usiwake.

Turudi kwenye saba. Mkataba wetu wa mkopo ni wa Kiingereza. Tulimpelekea mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yetu, akausoma jioni nzima akitutafsiria, tukamlipa sangara wa kilo mbili. Ukurasa wa nne kulikuwa na mstari unaosema kwamba rejesho likiangukia siku isiyo ya kazi litahesabiwa limelipwa kwa wakati likichukuliwa siku ya kazi inayofuata. Mstari huo waliuandika wao wenyewe, sisi tuliweka dole gumba tu. Na mfumo wao ulikuwa haujaambiwa.

Naomba mlishike hili, kwa sababu mengine yote nitakayosema yananing'inia hapa. Hatukwenda benki kulalamika kwamba 15,000 ni nyingi. Ni nyingi, ni ndoo ngapi za kubeba kichwani, lakini tulisaini. Tulikwenda kusema: kwa mkataba wenu huu, siku hizi saba hamkuwa na haki ya kukata hata senti.

Watu wengi wanachanganya. Anakuja mama ananionyesha stetimenti, amepiga alama kila mstari wa makato. Anataka zote. Mama yangu, kuna makato ambayo hata ukilala mlangoni kwa meneja hayarudi, kwa sababu si ya meneja. Chukua ada ya shilingi 1,000. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10, inakuwa 1,100. Juu ya hiyo kuna VAT asilimia 18, hiyo ni 198. Umekatwa 1,298. Benki ina 1,000, na hiyo 298 inakwenda serikalini. VAT kwenye ada za benki ilianza Julai 2016, wengine wenu mnakumbuka tulivyoshtuka. Ukitaka kodi ipungue, mwenye nayo yuko Dodoma bungeni, si dirishani. Na haiwi bure kupiga kelele huko: tozo ya miamala ya simu ilianza tarehe 15 Julai 2021, watu wakapiga kelele nchi nzima, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Ila angalieni kitu kimoja hapa. Ikiwa ile ada ya 1,000 ilikatwa kimakosa, basi na 298 iliyopanda mgongoni mwake imekatwa kimakosa. Ukirudishiwa 1,000 peke yake, hujarudishiwa. Nimeona barua za namna hiyo mbili.

Halafu kuna bei. Ada ya mwezi, ada ya kadi, ada ya kutoa hela dirishani. Hizo zimebandikwa ukutani kwenye tawi, ingawa mara nyingi wanazibandika nyuma ya ule mlango unaofunguka kwa ndani. (Kicheko.) Bei ukiikuta haikufai, hama. Kuidai irudishwe ni kazi nyingine kabisa, na hapa nitawapeleka Uingereza dakika mbili, kwa sababu wenzetu kule walipita njia hii na wakajikwaa mahali ambapo hata sisi tungejikwaa.

Kule mtu akiandika hundi au malipo yakaja akaunti haina kitu, benki ilikuwa inamkata pauni 30 na zaidi kwa kila tukio. Mtu amepungukiwa pauni 5, anakatwa 30, kesho yake ile 30 inasababisha malipo mengine yakwame, anakatwa tena. Mwaka 2006 mamlaka yao ya biashara ya haki ilisema kwamba kwa kadi za mkopo adhabu inayozidi pauni 12 itachukuliwa kuwa si ya haki. Watu wakapata moto. Wakaanza kuandika barua kudai na makato ya akaunti za kawaida, mmoja mmoja, na benki nyingi zikawa zinalipa kimyakimya kabla kesi haijafika kwa hakimu. Julai 2007 ikafunguliwa kesi moja kubwa ya kupima jambo lote. Mahakama Kuu mwaka 2008 ikaelekea upande wa wananchi. Mahakama ya Rufani, Februari 2009, hivyohivyo. Watu wakaanza kuhesabu hela. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikasema hapana: makato yale ni sehemu ya bei ambayo wateja wanalipa kwa huduma ya benki, na kanuni walizoshitakia haziruhusu kupima haki ya bei kwa ukubwa wake. Madai yaliyokuwa yakisubiri yakaporomoka. Ilibidi wangoje hadi Aprili 2020 ndipo msimamizi wa huduma za fedha akafuta nyingi kati ya ada za namna ile kwa kanuni mpya.

Sasa nchi hiyohiyo, benki hizohizo, kulikuwa na jambo la bima ya mkopo. Watu walikuwa wameuziwa bima pamoja na mkopo, wengine hawajui kama wanayo, wengine ni watu ambao bima ile isingewalipa hata wakipatwa na janga lenyewe. Pale benki zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38, na mlango wa kudai ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019. Bilioni, si milioni. Kwa nini kwenye bima walishinda na kwenye makato walishindwa? Mimi nimelifikiria sana hili nikichambua dagaa. Kwenye makato waliuliza: "Mbona bei kubwa?" Kwenye bima waliuliza: "Mliniuzia vipi? Nilikubali lini? Nionyesheni."

Na bima ya mkopo ipo hapa Mwanza, haipo Uingereza peke yake. Wangapi hapa mna mkopo wa benki? Nyoosheni. Haya, wangapi mna karatasi ya bima ya mkopo huo, inayosema inalipa nini na inaisha lini? (Mikono miwili.) Mmeona. Kaombeni hiyo karatasi. Ukiipata na ukaona mambo hayaeleweki, bima ina msimamizi wake, TIRA.

Sasa barua.

Katibu wetu ana mwandiko mzuri kuliko wote, akaandika juu: YAH: MAOMBI YA KUSAIDIWA KUHUSU MAKATO. Nikamwambia dada, futa. Tumezoea hivyo toka shule, kila barua ni maombi, na kila maombi yana "kwa heshima na taadhima." Ukiomba, mwenzako ana hiari. Anaweza kukupa, anaweza kukunyima, na akikupa nusu unashukuru. Tukaandika hivi:

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA SHILINGI 105,000 ZILIZOKATWA KINYUME CHA MKATABA

Chini yake namba ya akaunti, namba ya mkopo. Halafu mistari saba, kila mmoja una tarehe ya rejesho, siku ya juma, tarehe hela ilipoingia kwa wakala na namba ya muamala, tarehe mliyokata, kiasi. Halafu sentensi moja inayotaja ukurasa na kifungu cha mkataba. Halafu: tunaomba (hapo neno kuomba tuliliacha, adabu ni adabu) mrejeshe kiasi hicho kwenye akaunti ya kikundi au mtujibu kwa maandishi ni kifungu gani kinachowapa haki ya kukata. Sahihi tatu za waweka sahihi. Ikaisha kwenye ukurasa mmoja. Hatukuandika mateso yetu, wala wajane wangapi wapo kikundini. Ningeyaandika meneja angenionea huruma, na huruma ya benki ina kiwango chake.

Tulipeleka nakala mbili, moja yao, moja ya kugongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nasi. Hapa ndipo kazi ilipo. Binti wa mapokezi akasema mwenye muhuri ametoka kula. Nikasema mwanangu, hakuna neno, tutamsubiri. Tukakaa pale kwenye viti vyao, sisi wanne na harufu yetu. Saa moja na robo, muhuri ukarudi kula. (Kicheko kirefu.) Tarehe, muhuri, jina la aliyepokea, sahihi. Bila muhuri ule barua yako ni hadithi tu.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa wenye hasira, maana nawajua: yule binti wa dirishani usimgombeze. Hakupanga tozo, hana funguo za mfumo, na mshahara wake naye unakatwa. Nimeona mtu akimtukana mhudumu hadi watu foleni nzima wakahamia upande wa benki. Ulikuwa na haki, ukaigawa bure.

Siku kumi zikapita, nikapigiwa simu. "Mama, njoo tuongee." Nikajibu nitakuja, ila naomba mniandikie kwanza. Wakasema ni jambo dogo, halihitaji maandishi. Nikaenda na katibu. Meneja ni kijana mstaarabu, alitupa maji, akashika stetimenti yetu kwa vidole viwili, ile harufu niliyowaambia. Akasema benki kwa nia njema inaturudishia shilingi 45,000, na mbele yetu akaweka fomu. Fomu ina mistari mitatu. Wa mwisho unasema hatutakuwa na madai mengine yoyote.

45,000 ni adhabu tatu. Nikamuuliza: "Mwanangu, hizi tatu ni zipi?" Akaangalia barua yetu, akaangalia kompyuta, akanyamaza. Nikasema ukinitajia tatu zilizo na makosa, nitajie na nne zilizo sahihi kati ya hizi saba, na kwa nini Jumapili hii ni ya haki na Jumapili ile si ya haki. Hakuwa na jibu, na sikutegemea awe nalo, maana ile 45,000 haikutoka kwenye hesabu. Ilitoka kwenye mazoea kwamba mama wa dagaa akiona 45,000 ya leo hatangoja 105,000 ya mwezi ujao. Na niwaambie ukweli, katibu wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Ilikuwa bado mbalamwezi, nyumbani kwake hakukuwa na kitu. Tulitoka bila kusaini na njia nzima hadi Kirumba hakunisemesha.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Ilisema tumekataa 45,000, sababu ni hii, madai yetu ni yaleyale. Chini kabisa tukaongeza mstari: Nakala: Benki Kuu ya Tanzania, Tawi la Mwanza.

Mnajua kwamba Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza. Wengi wanadhani ni la kuchapa noti. (Kicheko.) Benki Kuu ndiyo inayozipa benki leseni, na ina dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja, na sasa kuna mfumo wa mtandaoni unaoitwa Sema na BoT, kijana wako wa nyumbani atakufungulia kwa simu. Kuna kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Zinaitaka benki ikueleze tozo zake waziwazi, na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu. Lakini mkumbuke mpangilio: kwanza benki yako, kwa maandishi, ishindwe kukujibu au ikukatalie, ndipo uende Benki Kuu. Ukiruka hatua utarudishwa. Ndiyo maana nang'ang'ania muhuri. Ule muhuri ndio unaoonyesha kuwa ulianza nyumbani. Hakuna malipo, na huhitaji wakili.

Sisi hatukufika huko. Siku ya tisa baada ya barua ya pili simu yangu ikatoa mlio nikiwa napima sado ya mteja kutoka Shinyanga. Imeingia 105,000. Hakuna barua, hakuna pole, meseji tu. Nilimwagia mteja yule dagaa wa ziada hadi akashangaa.

Kuna jambo moja najilaumu. Hela yetu walikaa nayo, adhabu nyingine zilikuwa na zaidi ya mwaka, na sisi tukichelewa siku mbili wanatutoza. Tulipaswa kudai na riba. Hatukudai. Nyinyi dai.

Kwa wale ambao mambo yao ni ya zamani: msikate tamaa, ila msilale. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba. Kila kato lina siku yake ya kuanza kuhesabiwa, kwa hiyo la zamani linakufa kabla ya jipya. Na hata adhabu uliyoisaini haina uhuru wa kupaa inavyotaka: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mtu akivunja mkataba uliotaja kiasi cha adhabu, mwenzake anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Kile kilichotajwa ni dari. Hiyo hoja ni ya kwenda nayo mahakamani na mtu aliyesomea. Msaidizi wa kisheria wa kata atakuonyesha mlango.

Vijana wa boda mmekaa kimya muda mrefu, hili ni lenu. ATM imekukata, hela haikutoka. Wengi mnagonga mashine, mnaapa, mnaondoka. Ile mashine ina kumbukumbu ya kila noti iliyohesabu, na ina kasha la ndani ambako noti zilizokwama huangukia. Wakija kuifungua na kuihesabu, hela yako inaonekana kama ziada. Kwa hiyo piga picha ya mashine na saa, tunza kikaratasi kama kimetoka, na nenda kwenye benki yako wewe, iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine. Barua, muhuri, namba ya lalamiko. Nimesaidia vijana watatu wa Pasiansi, wawili wamerudishiwa. Wa tatu aligundua kuwa hela ilitoka, aliyeichukua ni rafiki yake aliyesimama nyuma. (Kicheko.) Hiyo benki haiwezi kukusaidia.

Na wale wa kausha damu, mikopo ya kwenye simu inayokupigia hadi mama mkwe wako ukichelewa siku moja? Hao wengi hawana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na kibali. Kabla ya kuuliza riba, uliza leseni; asiye na leseni huna mkataba wa kumfunulia ukurasa wa nne.

Swali ambalo nimeulizwa kuliko yote, na nimeona mama pale mbele analitafuna toka nianze, ni hili: wakitukasirikia, tukanyimwa mkopo mwingine? Mama yangu, tumekopa tena. Benki ileile, meneja yuleyule, mkopo mkubwa kuliko wa kwanza. Ila safari hii kabla ya kusaini nilimwomba anionyeshe tarehe. Akacheka, akageuza kompyuta upande wangu, tukahesabu pamoja Jumamosi na Jumapili zote za miezi 18. Mkataba ninao hapa, na ukurasa wa nne nimeukunja kona.

Mwenyekiti naona unaangalia saa. Nakala za barua yetu zipo mezani, jina la benki nimelifuta kwa wino, msinikwangulie mjue ni nani. Aliyekuja na stetimenti yake asiondoke, avute kiti aje hapa mbele. Kalamu nyekundu ninazo mbili, na kalenda ile ile ya benki nimekuja nayo.